Mawimbi ya Maabara Yanayopima Umeme wa Upepo Baharini

Wakenya wengi wanaifahamu mitambo ya upepo ya Ziwa Turkana katika Kaunti ya Marsabit. Iko 365, ina uwezo wa megawati 310, na yote imesimikwa kwenye ardhi imara. Ng'ambo, mitambo ya aina hii hujengwa pia baharini. Pale ambapo kina ni kirefu mno, mnara huwekwa juu ya jukwaa linaloelea na kushikiliwa kwa minyororo na nanga. Mradi wa Hywind ulioko Uskoti, wenye mitambo mitano kama hiyo, ulianza kuzalisha umeme mwaka 2017.

Jukwaa likiyumba kupita kiasi au mnyororo ukikatika, hasara huwa kubwa, na mafundi huhatarisha maisha yao wakienda kulirekebisha. Kwa sababu hiyo, mfano mdogo wa jukwaa hujaribiwa kwanza katika tangi la maji.

Mtambo wa kutengeneza mawimbi una sehemu chache. Upande mmoja wa tangi huwekwa bamba pana linalosukumwa na mota ya umeme kwa maelekezo ya kompyuta. Bamba likienda mbele na nyuma, maji huinuka na kushuka. Upande wa pili hujengwa mteremko mfano wa ufuo ili kuyavunja mawimbi. Pasipo mteremko huo, mawimbi hugonga ukuta, hurudi na kuvuruga vipimo.

Hesabu nayo ni muhimu. Mfano ukipunguzwa mara 100, wimbi la mita 10 huwa la sentimita 10, na jukwaa la tani 10,000 huwa na uzito wa kilo 10. Muda, hata hivyo, hupungua mara 10 pekee: wimbi linalopita kila baada ya sekunde 10 baharini hupita kila sekunde moja katika tangi.

Chuo Kikuu cha Edinburgh kilifungua tangi la FloWave mwaka 2014. Ni la mviringo, lina kipenyo cha mita 25, kina cha mita 2 na mabamba 168 yanayolizunguka. Mabamba hayo hutuma mawimbi kutoka upande wowote na pia huyatuliza yanapofika ng'ambo. Hivyo dhoruba nzima huigizwa ndani ya jengo, na kasoro ya jukwaa huonekana ingali rahisi kurekebishwa.