Uwezo, Sababu na Nia: Kwa Nini Tanzania Ilifika Kampala

Tarehe 2 Novemba 1978 Rais wa Tanzania, Mwalimu Julius Nyerere, aliwatangazia wananchi kwamba Idi Amin, mtawala wa Uganda, atapigwa, kwa kuwa uwezo wa kumpiga upo, sababu ipo na nia ipo. Siku moja kabla ya hapo Amin alikuwa amejitwalia eneo lote la Tanzania lililoko kaskazini ya Mto Kagera. Askari wake waliua wanakijiji na kuswaga maelfu ya ng'ombe kuvuka mpaka. Muda si mrefu daraja la Kyaka, lililovuka mto huo, nalo likalipuliwa.

Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka mikononi mwa wanajeshi wa Tanzania na Waganda waliokuwa uhamishoni. Kumfukuza mvamizi ni jambo moja. Kumfuata hadi ikulu yake ni jingine. Pengo lililopo kati ya hayo mawili ndilo linalofanya vita hivi viwe kipimo kizuri cha nadharia za uhusiano wa kimataifa.

Wafuasi wa uhalisia, kama Hans Morgenthau na Kenneth Waltz, huanza na jambo moja: juu ya nchi hakuna serikali. Hakuna polisi wa kumpigia simu jirani akikuvamia, kwa hiyo kila nchi hupima nguvu zake na za mwenzake. Kwao, vita vya Kagera havina fumbo. Tanzania iliongeza jeshi lake kwa mgambo, ikaleta maroketi ambayo Waganda waliyabatiza jina la "saba saba", na Libya ilipotuma askari kumwokoa Amin, pande hizo zikapambana Lukaya, nchini Uganda, mwezi Machi. Lakini hesabu hiyo ya nguvu ina mwisho wake. Nchi maskini, iliyokwisha kurudisha ardhi yake, ilipata faida gani kuzidi kujimaliza kwa vita? Mwanauhalisia atajibu kwamba Amin angerudi. Huenda. Jibu hilo linatosha kumpeleka mtu Masaka, kusini mwa Uganda, si lazima Kampala.

Waliberali wana tumaini kubwa zaidi. Biashara, mikataba na taasisi za pamoja, wanasema, huvifanya vita viwe hasara kwa kila upande. Mwaka 1977 Robert Keohane na Joseph Nye walitoa kitabu mashuhuri kuhusu jinsi nchi zinavyotegemeana. Mwaka huohuo, kwa bahati mbaya ya kuchekesha, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Na jumuiya hiyo haikuwa ya kwenye makaratasi tu: Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa na shirika moja la reli, moja la bandari, moja la posta na ndege za pamoja. Ilikufa kwa ugomvi wa mgawanyo wa faida, kwa Kenya na Tanzania kufuata njia tofauti za uchumi, na kwa sababu Nyerere alikataa kuketi meza moja na Amin tangu mapinduzi ya Januari 1971 yaliyomweka madarakani. Taasisi hizo zilitaka wakuu wa nchi wakutane, nao hawakukutana.

Walter Rodney, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, angeelekeza macho kwingine kabisa: kwenye uchumi wa kikoloni ulioziacha nchi hizi zikigombea makombo. Hoja hiyo inaeleza vizuri umaskini wao, lakini kwa tarehe na njia ya vita haisaidii sana.

Hapa ndipo hoja ya akina Alexander Wendt inapopata uzito. Wao husema kukosekana kwa serikali ya dunia hakuamui lolote. Nchi zenyewe ndizo huamua nani ni ndugu na nani ni adui, kwa jinsi zinavyotazamana. Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya mwaka 1977, ukafunguliwa tena 1983, na katika miaka yote hiyo ya kununiana hakuna aliyepeleka jeshi. Kwa Amin ilikuwa vingine. Dar es Salaam haikuwahi kumtambua kuwa rais halali, na wakati wa vita Watanzania walimwita nduli. Ukishamwona mtu hivyo, kusimama mpakani kunaonekana kuacha kazi nusu.

Viongozi wengi wa Afrika hawakuona hivyo. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1963 ulikataza kuingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine, na katika mkutano wa Monrovia, Julai 1979, Tanzania ililaumiwa wazi. Mkataba wa Umoja wa Afrika wa mwaka 2000 ukaja na msimamo mpya: kifungu cha 4(h) kinaupa Umoja haki ya kuingilia kati penye uhalifu wa kivita, mauaji ya kimbari au uhalifu dhidi ya ubinadamu. Haki hiyo ikapimwa Desemba 2015, pale Baraza la Amani na Usalama la Umoja huo lilipoidhinisha askari 5,000 waende Burundi. Rais wa nchi hiyo, Pierre Nkurunziza, akasema wakikanyaga watapigwa. Mwezi uliofuata wakuu wa nchi wakakutana Addis Ababa, wakaamua kutuma ujumbe wa mazungumzo badala ya askari.