Usimamizi wa Mabadiliko ya Bidhaa Katika Magari Yanayofungwa Mfumo wa Gesi Asilia: Mtazamo Kutoka Mtwara

Makala haya yanajadili swali moja: nani anayewajibika kwa badiliko linalofanyika katika gari baada ya kutoka kiwandani? Kiwandani, badiliko la kipuri huanza kwa ombi la maandishi. Athari zake kwa vipuri vinavyokizunguka hupimwa, huidhinishwa, kisha mchoro hupewa namba mpya ya toleo na huandikwa kuwa badiliko litaanzia gari la namba gani. Mnyororo huo wa kumbukumbu hukatika gari linapoingia karakana kufungwa mfumo wa gesi.

Gesi ya Mnazi Bay, katika rasi ya Msimbati, iligunduliwa mwaka 1982. Tangu 2015 husafirishwa kwa bomba kutoka Madimba hadi Dar es Salaam, na huko ndiko shughuli ya kubadili magari ilikoshamiri. Wakazi wa Mtwara hawahitaji nadharia ili wakione kinaya hicho.

Badiliko lenyewe halikomei kwenye mtungi. Gesi hushindiliwa kufikia takribani baa 200, hivyo mtungi wa chuma huwa mzito. Ukiwekwa kwenye buti, huelemea ekseli ya nyuma, na springi pamoja na breki hubeba mzigo ambao mbunifu hakuupigia hesabu. Ndani ya injini, gesi huchukua sehemu ya nafasi ya hewa, na nguvu hupungua. Methani huwaka polepole kuliko petroli. Kwa hiyo cheche ya plagi hupaswa kuwahishwa. Vali nazo hukosa ulainisho mdogo uliokuwa ukiletwa na mafuta, na vikalio vyake huweza kulika mapema. Mhandisi wa kiwandani angeyafungulia mabadiliko hayo majalada kadhaa yanayohusiana. Karakana huyaita kwa jina moja tu, kufunga gesi, na kwa maoni yangu jina hilo huficha kazi iliyobaki.

Ninapendekeza kumbukumbu ilifuate gari badala ya kubaki kwa fundi. Iunganishe namba ya chesisi na namba ya mtungi, tarehe ya ukaguzi ujao wa mtungi huo, aina ya kirekebisha mgandamizo na mpangilio wa cheche uliowekwa. Gari hilo likiuzwa na kufika Mtwara mikononi mwa mmiliki wa pili, fundi wa huku atakuwa na karatasi ya kusoma kabla hajagusa bomba lenye mgandamizo.