Theluji ya Kilimani: Nani Aiondoe, na kwa Chombo Gani?

Jimbo la Vermont, kaskazini mashariki mwa Marekani, ni nchi ya milima na vijiji. Zaidi ya nusu ya barabara zake hazina lami, na nyumba nyingi za mashambani zimejengwa vilimani, mbali na barabara ya kijiji. Kutoka barabarani hadi mlangoni kwake, mwenye nyumba ana njia yake ya gari, mara nyingi ya changarawe, ya mita 50, 100 au zaidi. Lori la halmashauri husafisha barabara ya umma, kisha likaendelea na safari yake. Kuanzia hapo kwenda juu, theluji ni mzigo wa mwenye nyumba.

Nayo si kidogo. Burlington, mji mkubwa kuliko yote jimboni, hupata takriban mita 2 za theluji katika msimu mmoja wa kawaida, na milimani huanguka zaidi ya hapo. Njia isiposafishwa, mtoto hafiki kwenye basi la shule, lori la gesi ya kupashia nyumba joto hugeuza, na gari la wagonjwa hukwama bondeni huku mgonjwa yuko juu.

Asiyewahi kuishika theluji huidhania nyepesi. Kanuni ya kukadiria ni kwamba sentimita 10 za theluji mpya zikiyeyuka hutoa kama sentimita 1 ya maji. Chukua njia ya urefu wa mita 60 na upana wa mita 3, iliyoangukiwa na theluji ya sentimita 30 usiku mmoja: hapo kuna tani 5 na zaidi, yaani mifuko mia na kitu ya saruji ya kilo 50. Theluji ya Machi, iliyolowa maji, inaweza kuwa nzito mara mbili au tatu ya hiyo.

Lakini uzito peke yake si tatizo la kilima. Tatizo ni barafu. Gari la kwanza likipita juu ya theluji mpya, matairi huishindilia ikawa ngumu. Jua la mchana huyeyusha sehemu ya juu, usiku maji yale huganda, na kufikia asubuhi njia inang'aa. Mahali pa tambarare, barafu hiyo ni kero tu. Kwenye mteremko unaopanda mita 15 kwa kila mita 100, gari linaweza kuteleza kinyumenyume hadi barabara kuu, na kukanyaga breki hakusaidii kitu. Kilima kinachotazama kaskazini ndicho kibaya zaidi, kwa sababu katika nchi hizo jua la majira ya baridi hupita chini upande wa kusini, na mteremko wa kaskazini unaweza kukaa kivulini kwa wiki nyingi.

Ndiyo maana swali la kwanza kwa mwenye kilima halihusu mashine ya kununua. Ni hili: ni mbinu gani itakayoondoa theluji kabla tairi la kwanza halijaikanyaga?

Wengi huanza na beleshi, kwa kuwa ni rahisi na halihitaji mafuta. Kwa ngazi za mlangoni na kuzunguka gari, beleshi halina mpinzani. Kwa mita 60 za mlima, linaweza kuua. Watafiti waliochunguza takwimu za hospitali za Marekani kuanzia 1990 hadi 2006 walikuta kwamba kila mwaka watu wapatao 11,500 walitibiwa kwa majeraha na dharura zilizotokana na kufukua theluji kwa mkono, na katika miaka hiyo 17 vilitokea vifo 1,647 vilivyohusiana na moyo. Utafiti mwingine wa Quebec, Kanada, uliotolewa mwaka 2017, ulionyesha kwamba baada ya theluji kubwa kuanguka, hatari ya wanaume kulazwa au kufa kwa mshtuko wa moyo hupanda. Sababu inaeleweka: baridi hubana mishipa ya damu, mikono hufanya kazi nzito kuliko miguu, na mtu hubana pumzi kila anapoinua. Aliyepita miaka 55, mwenye shinikizo la damu au aliyezoea kukaa ofisini asijipime nguvu hapo. Anayelazimika afanye kwa vipindi vifupi, asukume badala ya kuinua, na aache mara moja akisikia kifua kinabana.

Baada ya beleshi huja mashine ya kurushia theluji. Arthur Sicard wa Quebec aliiunda mwaka 1925, na miaka miwili baadaye akauza ya kwanza kwa mji wa Outremont. Za nyumbani leo ni za aina mbili. Ile ndogo ina parafujo moja pana inayogusa ardhi, ikikokota theluji na kuitupa kwa mkupuo mmoja. Inafaa juu ya lami tu. Kwenye changarawe itarusha mawe hadi dirishani. Kubwa ina parafujo ya kusagia mbele na feni nyuma yake, nayo hutupa theluji mbali kupitia bomba la kugeuzwa. Hii huinuliwa kidogo kwa viatu vya chuma ili isichote kokoto.

Kilimani mashine hizi zina masharti. Zenye matairi huteleza, hivyo wengi hufunga minyororo. Zenye mikanda ya mpira hushika mlima vizuri zaidi, ila bei yake ni ya juu. Hufanya kazi kwa kupanda na kushuka, kamwe si kwa kukata mteremko ubavuni, maana zinaweza kupinduka. Na ipo hatari inayokata vidole vya watu kila msimu: theluji iliyolowa huziba bomba, mwenye mashine huizima, huingiza mkono kuzibua, na feni iliyokuwa imekazwa na theluji ile huzunguka ghafla. Izimwe kabisa, kisha itumike fimbo. Mkono usiingie humo hata mara moja.

Kwa njia ndefu, wenyeji wengi humwita jirani mwenye pikapu iliyofungwa bapa la chuma mbele. Kwa kilima kirefu cha changarawe, huu ndio uamuzi bora, hata kwa mtu mwenye fedha ya kununua mashine. Bapa humaliza kwa dakika chache kazi ambayo huichukua mashine ya kusukumwa saa nzima au zaidi. Malipo huwa kwa kila safari au kwa msimu mzima. Kabla ya kukubaliana, mwenye nyumba aulize theluji ikifika kina gani ndipo dereva huja, huja saa ngapi, na nani atashika zamu gari lake likiharibika. Kisha asimike vijiti virefu vyenye rangi kandokando ya njia kabla ardhi haijaganda, ili dereva auone mtaro usiku. Theluji ya dhoruba ya kwanza isukumwe mbali kabisa na ukingo. Ikiachwa karibu hugeuka ukuta wa barafu, na kufikia Februari njia imebana hata lori halipiti. Wala isisukumwe ng'ambo ya barabara ya umma, kwani sheria ya Vermont inakataza.

Chumvi husaidia, lakini si kila siku. Ile ya kawaida hupoteza nguvu joto likishuka kupita nyuzi 9 chini ya sifuri, na usiku wa Januari huko hushuka zaidi. Tena nyumba nyingi za mashambani hunywa maji ya kisima, na chumvi ya kilimani huteremka na maji hadi kisimani. Mchanga hauyeyushi kitu, lakini huyapa matairi mahali pa kushika katika baridi ya kiwango chochote. Ndoo ya mchanga mkavu inapaswa kukaa juu na chini ya kila kilima.

Kuna pia mabomba ya maji moto chini ya njia. Mji wa Holland, Michigan, huyeyusha theluji ya mitaa yake ya katikati kwa namna hiyo tangu 1988, ukitumia joto la mtambo wa umeme. Kwa kaya moja kijijini, gharama yake ni kubwa mno.

Jambo la bei nafuu kuliko yote halitumii chombo chochote: kusawazisha nafasi ya kuegesha gari chini, karibu na barabara. Dhoruba ikitangazwa, gari hushushwa jioni, na asubuhi familia hutembea hadi lilipo, njia ikisubiri kusafishwa bila kushindiliwa.

Wazungumzaji wa Kiswahili kutoka Kongo na Burundi wamefanya makao Burlington, na pia Portland na Lewiston katika jimbo la Maine, na watakuwepo watakaotamani shamba na nyumba kijijini. Nyumba nyingi hukaguliwa kiangazi, kilima kikiwa cha kijani na cha kupendeza. Basi anayekagua Julai amuulize muuzaji maswali matatu: nani husafisha njia hii, kwa bei gani, na Januari gari huegeshwa wapi. Majibu yakikosekana, aende kuwauliza majirani kabla ya kutia saini.