Kabla hujanunua kopo la protini, hesabu mayai kwanza

UKIINGIA kwenye gym za mtaani jijini Dar es Salaam jioni, stori inayopigwa kati ya seti moja na nyingine ni ya makopo. Nani anatumia protini gani, nani ameanza kreatini, na imekuwaje fulani kajaa kifua ndani ya miezi miwili.

Stori hiyo imeshahamia viwanjani. Vijana wa ndondo, wa madaraja ya chini na hata wa akademi wanajichanga wanunue poda, wakiamini bila hiyo mwili haujengeki. Yupo anayemaliza posho yake kwa kopo moja, halafu asubuhi anakwenda kupiga tizi akiwa na chai ya rangi na maandazi mawili tumboni.

Je, mchezaji anahitaji vitu hivi kweli? Jibu fupi ni hili: protini anaihitaji, lakini kopo si lazima. Kreatini inafanya kazi, ila si kwa kila kitu. Na kuna hatari moja ambayo hutaikuta imeandikwa kwenye lebo.

KIASI GANI KINATOSHA?

Mchezaji akikimbia, akiruka na kunyanyua vyuma, misuli yake inachakaa kidogo kidogo. Protini ndiyo matofali ya kuikarabati na kuiongeza. Ndiyo maana anayefanya mazoezi anahitaji nyingi kuliko anayeshinda ofisini.

Mtu wa kawaida anashauriwa kupata takriban gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Kwa wanasoka, wataalamu wa lishe waliokusanywa na Shirikisho la Soka Ulaya (UEFA) walitoa mwongozo mwaka 2020, wakapendekeza gramu 1.6 hadi 2.2 kwa kila kilo.

Maana yake, kiungo mwenye kilo 70 anahitaji kati ya gramu 112 na 154 kwa siku.

Je, akizidisha atajaa zaidi? Mwaka 2018 watafiti walijumlisha matokeo ya tafiti 49 zilizohusisha watu 1,863 waliokuwa wakifanya mazoezi ya kunyanyua uzito. Protini ya ziada ilisaidia kiasi, lakini ilipopita wastani wa gramu 1.6 kwa kilo, faida yake kwenye misuli haikuonekana tena.

Inayozidi haigeuki kuwa misuli. Mwili unaichoma kama nishati au unaihifadhi kama mafuta, na mabaki yake yanatoka kwenye mkojo. Kwa lugha ya mtaani, unakojoa hela yako.

SAHANI YA KIBONGO INAFIKA

Wengi wanadhani gramu 112 ni mlima. Hebu tupige hesabu ya siku moja.

Asubuhi, mayai mawili na kikombe cha maziwa: gramu 20. Mchana, ugali wa gramu 200 za unga wa mahindi na kikombe cha maharage yaliyopikwa: karibu gramu 31. Jioni baada ya mazoezi, kikombe kingine cha maziwa na ngumi moja ya karanga: gramu 15. Usiku, kipande cha samaki cha gramu 150 na kikombe kingine cha maharage: kama gramu 50.

Jumla ni takriban gramu 116. Mchezaji wa kilo 70 ameshafika, na hajagusa kopo.

Asiyekuwa na hela ya samaki kila siku ana dagaa. Dagaa wakavu ni miongoni mwa vyakula vyenye protini nyingi sana sokoni, kwa sababu maji yameshatoka na zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini.

Wanapokosea wengi ni kwenye mgawanyo. Asubuhi chai, mchana chipsi kavu, halafu nyama yote inasubiri usiku. Mwili unaitumia protini vizuri zaidi ikigawanywa, gramu 20 hadi 30 kila mlo, kuliko kurundikwa mara moja.

HESABU YA TREI

Sasa twende kwenye bei. Unga maarufu wa protini unatengenezwa kutokana na maji yanayobaki baada ya maziwa kugandishwa kutengenezwa jibini. Kijiko chake kimoja kikubwa kina gramu 20 hadi 25 za protini, sawa na mayai manne. Ni chakula, si uchawi.

Trei ya mayai 30 ina takriban gramu 180 za protini. Kopo la kilo moja ambalo robo tatu yake ni protini lina gramu 750, yaani sawa na trei nne na kidogo.

Kwa hiyo uliza bei ya kopo, kisha uliza bei ya trei nne za mayai pale dukani kwa Mangi. Ukiona kopo liko juu, ujue hizo za ziada unalipia urahisi na jina.

Urahisi nao una thamani yake. Mchezaji anayetoka mazoezini akapanda basi la safari ya saa nane, au ambaye hamu ya kula hupotea baada ya mechi, poda inaweza kumsaidia. Inaziba pengo la chakula. Kama pengo halipo, haina kazi.

Kuwa makini pia na makopo ya kuongeza uzito. Mengi yake kilichojaa ndani ni wanga na sukari, vitu ambavyo ugali, viazi na uji vinatoa kwa bei chee.

KREATINI NI ISHU NYINGINE

Kreatini si protini, ingawa zinauzwa rafu moja. Mwanakemia wa Ufaransa, Michel Eugène Chevreul, aliigundua kwenye nyama mwaka 1832. Mwili wenyewe unatengeneza kama gramu moja kwa siku, na sehemu kubwa sana inakaa kwenye misuli.

Kazi yake ni kurudisha fasta nishati ya misuli katika sekunde chache za nguvu kubwa: kuchomoka, kuruka, kugeuka ghafla, kurudia tena. Ilivuma baada ya Olimpiki ya Barcelona 1992, iliporipotiwa kuwa Waingereza walioibuka na dhahabu, akiwamo Linford Christie wa mita 100, waliitumia.

Mwaka 2018 wataalamu wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki (IOC) waliiweka kwenye orodha fupi ya virutubisho vyenye ushahidi mzuri wa kuongeza kiwango, pamoja na kafeini. Katika maelfu ya bidhaa zinazouzwa, zilizopita hapo zinahesabika kwa vidole.

Kwenye hii, chakula hakishindani kirahisi. Kilo moja ya nyama au samaki mbichi ina takriban gramu nne hadi tano za kreatini, na dozi ya kawaida ya siku ni gramu tatu hadi tano. Nani anakula kilo ya nyama kila siku? Ndiyo maana anayekula nyama kwa nadra ndiye anayeona tofauti zaidi.

Lakini usitarajie miujiza. Haikupi pumzi ya dakika 90 wala haikufundishi kupiga krosi. Wengi huongezeka kilo moja au mbili mwanzoni kwa sababu misuli inavuta maji, na winga anayetegemea wepesi anaweza asipende.

Kuhusu figo, tafiti hazijaonyesha madhara kwa mtu mwenye afya anayetumia dozi ya kawaida. Mwenye tatizo la figo asiiguse bila daktari. Na anayeitumia amwambie daktari kabla ya kupima damu, kwa sababu kipimo cha kreatinini kinaweza kupanda na kuonekana kama figo zinafeli kumbe sivyo.

Vijana wa akademi wasubiri. Madaktari wa watoto Marekani wanawashauri walio chini ya miaka 18 wasiitumie.

HATARI ISIYO KWENYE LEBO

Protini na kreatini hazimo kwenye orodha ya vitu vilivyopigwa marufuku na WADA. Tatizo ni kile kilichochanganyika nazo.

Maabara ya Cologne, Ujerumani, iliwahi kupima virutubisho 634 vilivyonunuliwa nchi 13. Matokeo yaliyotoka mwaka 2004 yalionyesha 94 kati yake vilikuwa na homoni za kujenga misuli ambazo hazikuandikwa kwenye lebo. Hiyo ni karibu moja kati ya kila saba.

Sheria ya WADA haina huruma: kilichokutwa mwilini ni mali yako, hata kama hukujua. Kolo Touré alifungiwa miezi sita mwaka 2011 akiwa Manchester City, baada ya kumeza vidonge vya kupunguza uzito vya mkewe.

Mamadou Sakho naye alikutwa na kemikali iliyotoka kwenye kidonge cha kuchoma mafuta mwaka 2016. UEFA ilimfutia kesi, na mwaka 2020 WADA ikamwomba radhi. Lakini fainali ya Europa League ambayo Liverpool ilicheza bila yeye haikurudiwa.

Kama hiyo ilimkuta staa mwenye daktari wa klabu na mawakili, kijana anayenunua poda iliyopimwa kwenye mfuko wa nailoni atajitetea vipi?

Kwa anayeamua kununua, atafute kopo lililofungwa lenye nembo ya Informed Sport au NSF Certified for Sport, inayoonyesha bidhaa inapimwa vitu vilivyokatazwa. Alionyeshe kwa daktari wa timu na atunze risiti. Vidonge vya kuchoma mafuta na poda za kupandisha mzuka kabla ya mazoezi, avipite mbali.

Kabla ya hapo aulize vitu vitatu: anakula milo mingapi, analala saa ngapi, na siku moja kabla ya mechi anakula wanga wa kutosha? UEFA inapendekeza gramu sita hadi nane za wanga kwa kila kilo ya uzito siku hiyo. Mchezaji anayeishiwa dakika ya 70 mara nyingi hajapungukiwa poda. Amepungukiwa wali.