Bando Ikikata, Wazo Pia Inakata

Pitia steji yoyote ya nduthi Kayole mida ya saa nne asubuhi, time kazi imepoa na wasee wameegemea pikipiki wakingojea kastoma. Kila mtu ako na simu mkononi. Mmoja anaangushiwa skrinishoti kwa grupu: kichwa cha habari, picha ya waziri, na hapo chini linki ya rangi ya bluu. Anasoma hicho kichwa kwa sauti na mjadala inawaka. Huyu anadai waziri amekula doo, yule anasema hiyo ni propaganda, mwingine analeta story za uchaguzi wa 2017, sauti zinapanda hadi mathe wa chapo anaacha kusukuma unga anageuka kucheki. Kastoma wa kwanza akitokea, kila msee tayari ako na msimamo yake. Linki bado haijaguswa.

Watu wazima wakiona hivyo wanasema vijana wa siku hizi hawapendi kusoma. Nakataa hiyo story kabisa. Cheki simu yenyewe. Bando iko ndani ni ya WhatsApp peke yake, ile ya ashuu, ya siku moja. Ukigusa linki inakutoa nje ya WhatsApp, na huko nje ama inakataa kufunguka, ama inaanza kula kredo. Kredo ndio inatumika kupigia kastoma. Hao wasee wamesoma hadi mwisho wa penye wamelipia, na mawazo yao yakasimama hapo hapo. Vile naona mimi, bei ya kubonga ndio inaamua mtu atafikiria mpaka wapi, na hapa Nairobi imekuwa hivyo tangu simu iingie mtaani.

Miaka ya 2000 watu walikuwa na mulika mwizi na kadi ya Bamba 50 ya kukwaruza. Meseji ilikuwa na herufi 160, basi. Hiyo namba ilitoka kwa Mjerumani anaitwa Friedhelm Hillebrand, injinia, ambaye mwaka wa 1985 alikaa na taipureta akaandika sentensi za kawaida moja baada ya ingine, akahesabu, akaona 160 zinatosha mtu kusema kitu ya maana. Watoi wa Dandora wakaja kuishi ndani ya hiyo hesabu. Walikata irabu, wakaweka namba penye kuna silabi, wakaingiza salamu, swali, mahali na saa kwa kameseji moja na nafasi ikabaki. Ulikuwa unapanga maneno yote kwa kichwa kabla ya kugusa batani, juu ukikosea unalipa mara ya pili. Kuflash nayo ilikuwa lugha nzima: moja nimefika, mbili shuka unifungulie geti, tatu kuna ngori. Halafu Please Call Me ikaleta adabu zake. Kwa fathee ilikuwa haki yako kuituma. Kwa shosh huko shags, hapana, ungeonekana huna heshima. Demu akikutumia Please Call Me ulijua uko mahali pazuri.

Kuna wasee husema hiyo enzi ilituharibu Kiswahili. Mimi naona ilitufunza kupima neno. Kizazi chenye kililelewa na herufi 160 kinajua kutoa maji yote kwa sentensi ikabaki nyama, na ukisikiza mistari ya marapa wa Eastlands wa hiyo time utaskia hiyo nidhamu.

Halafu 2010 kitu ingine ikatokea, na sioni ikipewa heshima yake. Shujaaz ilianza mwaka huo: gazeti la katuni, kwa Sheng, bure. Ulipata ndani ya Saturday Nation ama kwa kibanda cha M-Pesa. Hadithi ilikuwa ya Boyie, kijana ana redio ya kisiri anaendesha kwa chumba chake, na kati ya story za mapenzi na ubishi kulikuwa na vitu za kukusaidia, kama vile kupaka vifaranga rangi ndio mwewe wasiwamalize. Mwaka wa 2012 ikashinda Emmy ya kimataifa. Lakini kitu yenye mimi hukumbuka ni hii: ilikuwa bure hadi ukurasa wa mwisho. Hakuna mahali ulifika ukaambiwa hapa sasa lipa. Nakala moja ilizunguka ploti nzima hadi inachanika katikati, na kila mtu alikuwa ameisoma yote, kwa hivyo mkianza kubishana mnabishana kuhusu kitu moja.

Simu ya kugusa ikaingia na bei zikabadilika tena. Novemba 2014 Facebook na Airtel wakaleta Internet.org hapa Kenya, baadaye ikaitwa Free Basics: unaingia Facebook na saiti chache zimechaguliwa bila kulipa data. Mtu hana kredo, amepewa kitu bure, atakataa aje? India ilipelekewa hiyo kitu, wasee wakaingia kwa barabara na onlaini wakapinga, na Februari 2016 mdhibiti wao wa mawasiliano akapiga marufuku kampuni ya simu kukulipisha bei tofauti kulingana na kitu unafungua. Sisi hiyo vita hatukuwahi kupigana. Tulionyeshwa mlango moja tukadhani ndio nyumba, na wale walikuja baada ya Free Basics wakaendelea kutuuzia milango moja moja: hii ya WhatsApp, hii ya TikTok, hii ya YouTube.

Skrinishoti ilizaliwa hapo. Si uvivu, ni ujanja. Mtu mwenye ako na bando kamili anafungua habari, anapiga picha kichwa, anawaangushia mabeshte wenye hawana. Ni roho safi kabisa. Lakini angalia kitu gani imebaki njiani. Tarehe imebaki. Jina la mwandishi limebaki. Ile aya ya nne penye mwandishi anasema waziri amekanusha, hiyo pia imebaki. Gazeti likikosea, likirekebisha kesho, marekebisho hayaingii kwa picha imeshatumwa kwa magrupu mia. WhatsApp wenyewe walijaribu kupunguza moto: Januari 2019 wakasema meseji ifowadiwe kwa watu ama magrupu matano tu kwa mara moja, na Aprili 2020, corona ikiwa imeshika dunia, ile imefowadiwa sana ikabanwa iende chati moja moja. Poa. Lakini picha yenye nimepiga sasa hivi kwa simu yangu haina alama yoyote ya kuonyesha imetembea. Kwa mashine ni mpya kila siku. Habari ya 2019 inafika kwa mathe yako leo jioni ikiwa moto, na mathe anakupigia simu amejawa na wasiwasi.

Msee mwenye analishwa hivyo mwaka baada ya mwaka hufunzwa namna moja ya kufikiria. Anajua majibu mengi na sababu kidogo. Ukimuuliza umetoa wapi, anasema "niliona", na ni ukweli, aliona.

Sasa kuja kwa bando ya saa moja, juu hii ndio imetukamata vibaya zaidi na hatubongi kuihusu. Gigi moja kwa saa moja, bei chini ya mbao. Kwa macho ni zawadi. Piga hesabu yake polepole. Kitabu nzima cha maneno matupu, bila picha, inaweza kuwa chini ya MB moja, lakini inataka masaa yako kumi. Vidio inakula mamia ya MB kwa hiyo saa moja na haitaki chochote kutoka kwako. Kwa hivyo tumeuziwa data rahisi na time ghali. Umelipia gigi, saa inakimbia, utafungua nini? Utafungua kitu ya kumaliza gigi. Ukianza kusoma ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ya kaunti yako, dakika ya arobaini bado uko kwa jedwali ya tatu, na meseji inaingia kukuambia bando inaisha. Wazo lilikuwa linaanza kuiva. Linakatika hapo. Kesho ukinunua ingine hutarudi kwa hiyo jedwali, utaenda kwa TikTok, na si juu huna akili. Saa moja inapendelea klipu, na wewe umejifunza kupenda penye saa yako inatosha.

Kuna dem wa chuo huku mtaani amepata njia yake. Anaamka mangware, saa kumi na nusu, ploti nzima imelala na mtandao uko na spidi. Ananunua hiyo ya saa moja. Anashusha PDF za mihadhara, makaratasi ya mitihani iliyopita, vidio za lekchara mbili tatu, vyote kwa mpigo, hata hafungui kucheki. Saa ikiisha anazima data, anaweka simu chini ya mto hadi asubuhi, na siku yote anasoma oflaini na kalamu mkononi. Nilimuuliza mbona asisome tu moja kwa moja. Akaniambia mita ikitembea hawezi kuelewa kitu. Sijaskia mtu akieleza hii mambo vizuri kumliko.

Na kama unadhani hii ni story ya mitihani tu, kumbuka Juni 2024.

Mswada wa Fedha wa mwaka huo ulikuwa PDF, kwa Kizungu cha mawakili, kila kipengele kinakutuma kwa sheria ingine yenye huna. Kwa kawaida hiyo ni kitu ya kusomwa na watu wachache Upper Hill. Lakini ndani kulikuwa na VAT ya asilimia 16 kwa mkate, ushuru wa asilimia 2.5 ya bei ya gari kila mwaka, na, cheki hii, ushuru wa simu na data utoke asilimia 15 uende 20. Vijana wakaubeba ule mswada wakauvusha ukuta wa bando. Mawakili wakaingia TikTok wakaelezea kipengele kwa kipengele. Watu wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, Kikuyu, Dholuo, Kikamba, na kwa Sheng. Wataalamu wa kompyuta wakatengeneza roboti za kuchati: unauliza mswada unasema nini kuhusu kitu fulani, inakujibu. Spaces za X zikaenda hadi usiku wa manane. Wasee wakaingia Zello, simu ikawa redio ya upepo.

Juni 25, Jumanne, wabunge 195 wakasema ndio na 106 wakasema la, na mchana huo huo vijana wakaingia Bunge. Risasi zikapigwa. Kuna wenye hawakurudi kwao, na majina yao tunayajua. Mtandao nao ukayumba siku hiyo hiyo, Safaricom wakasema ni kebo za chini ya bahari. Kesho yake Rais akasema hatatia sahihi.

Wengi wameandika kwamba TikTok ndio ilifanya hiyo kazi. Hapo ndio nataka tusimame kidogo, juu ni muhimu. Klipu ya dakika moja haikujua chochote peke yake. Nyuma ya kila klipu ya maana kulikuwa na msee alikaa na hiyo PDF yote, akarudi kwa sheria za zamani kulinganisha, akaelewa, ndio akakata vipande vya kutosha kwa bando ya watu wengine. Hao wenye walisoma yote walikuwa wachache, na nadhani wengi wao walikuwa na Wi-Fi nyumbani ama ofisini. Nchi nzima ilifikiri kwa bando ya wachache. Tulibahatika walikuwa wakweli. Mwaka ingine hao wachache wanaweza kuwa wamelipwa, na sisi wa skrinishoti hatutakuwa na njia ya kujua, juu hatukuwahi kuona ukurasa wenyewe.

Ndio maana nikiona Wi-Fi ya ploti nafurahi sana, ile waya inavutwa hadi kwa korido, kila keja inachanga pesa moja ya mwezi na hakuna mita. Kariobangi kuna ploti nimeona watoi wa hapo wamebadilika. Bado wanacheki klipu, eeh, lakini wanarudi nyuma, wanasimamisha, wanafungua linki juu kuifungua haiwapunguzii kitu. Mmoja amejifunza kuedit vidio hadi analipwa na makanisa. Naskia vile vile nikipita maktaba ya Kaloleni na ya Makadara, zile Book Bunk walifufua pamoja na kaunti. Mtoi anakaa na kitabu hadi inaisha, hakuna anayemhesabia dakika.

Katiba ya 2010 inasema kwa kifungu cha 35 kila raia ako na haki ya kupata habari ziko kwa serikali, na kifungu cha 118 inalazimisha Bunge kuhusisha wananchi. Maandishi ya miswada na sheria yako bure kwa saiti ya Bunge na ya Kenya Law. Bure, lakini kufika hapo ni data. Kampuni za simu zinajua vizuri kufungulia watu saiti moja bila kukata bando, Airtel walifanya hivyo kwa Facebook mwaka wa 2014. Sheria inataka Mswada wa Fedha ufike Bungeni kila mwaka kabla Aprili iishe na umalizwe kufika Juni 30. Hizo ni wiki nane hivi. Kwa hizo wiki nane, kampuni za simu zifungue hizo saiti mbili kwa kila laini, hadi kwa katululu yenye inaweza kufungua intaneti. Mamlaka ya Mawasiliano ikiwaambia wafanye hivyo, ni kazi ya siku moja.