SEVA IMEKUFUNGIA NJE? INGIA KWA WAYA WA SERIALI

Leo siongelei siasa wala mpira, naongelea kitu kilichonitoa jasho hapa hapa Babati mjini, tena mchana kweupe na watu wamejaa.

Iko hivi. Kuna kafe moja huwa nawasaidia mambo ya kompyuta. Mimi nimeishia form four, haya mambo nimejifunzia humo humo kwenye kafe, kwa hiyo nisije nikaitwa injinia hapo chini kwenye maoni. Kafe ina mashine nane na seva moja ya Linux, desktop kuukuu tu imekaa nyuma ya kaunta. Hiyo ndiyo inagawa intaneti, inahesabu dakika za wateja, na inatunza folda ya vyeti wanavyoskani watu. Monita haina. Umeme uliwahi kurudi kwa kishindo ukaunguza sehemu ya kuchomekea monita, tukaona isiwe tabu, nitakuwa naingia kwa SSH kutoka mashine nyingine.

Sasa kilikuwa kipindi cha kuomba mkopo wa chuo, siku za mwisho mwisho. Vijana wamepanga foleni, dada mmoja ametoka Dareda tangu alfajiri na vyeti vyake vyote viko kwenye ile folda. Mimi kwa ujuaji wangu nikasema ngoja nirekebishe fayawoli, kuna mashine inakula intaneti sana. Nikaandika sheria ya kuzuia kila kinachoingia, halafu niruhusu vichache. Nikabonyeza Enter kwenye ile ya kuzuia kabla ya ile ya kuruhusu. Kimya. SSH imekatika, kafe nzima haina intaneti. Na kwa akili yangu finyu nilikuwa nimeshaziweka sheria zijihifadhi zenyewe, kwa hiyo hata kuzima na kuwasha hakukusaidia kitu.

Mama mwenye kafe akaniangalia akasema, "Mwanangu, nimwite fundi wa Arusha?" Arusha ni kama kilomita 170 kutoka hapa, nauli yake na posho yake ningelipa mimi. Nikamwambia mama nipe muda. Nikafungua seva, nikachomoa diski, nikaichomeka kwenye mashine nyingine, nikafuta lile faili la sheria, nikarudisha. Ilichukua karibu siku nzima kwa sababu diski ilikuwa ya aina ya zamani na waya wake ulibidi tuazime. Yule dada alituma maombi yake saa moja usiku, akalala kwa ndugu mjini. Sikumtazama usoni.

Usiku ule ndio nikaanza kusoma habari za konsoli ya seriali.

Geuza desktop ya zamani uangalie mgongoni. Kuna tundu lenye sindano tisa, umbo kama herufi D. Wengi wetu hatujawahi kulitumia. Ni poti ya seriali, ya kiwango kinachoitwa RS-232 kilichotoka Marekani mwaka 1960, yaani kabla ya Uhuru wetu. Enzi hizo kompyuta ilikuwa moja kubwa, na watu walikaa mbali nayo kwenye mashine za kuchapa zilizounganishwa kwa waya. Linux bado inaikumbuka enzi hiyo: neno tty unaloliona kila mahali ni kifupi cha mashine hizo za kuchapa, na vt100 ni teminali iliyotolewa na kampuni ya DEC mwaka 1978. Mashine zenyewe zimebaki makumbusho, majina yako kwenye seva yako mpaka leo.

Uzuri wa waya huu ni kwamba hauhitaji mtandao. Hauna habari na fayawoli, hauna habari na anwani ya IP, hata kadi ya mtandao ikiungua wenyewe unafanya kazi. Ndiyo maana wale wanaolinda seva na ruta kubwa wanauthamini, kwa sababu zile mashine zimepangwa kwenye makabati bila monita hata moja.

Twende kazini. Kwanza waya. Usichukue waya wa kawaida ulionyooka, unataka ule unaopishanisha, unaitwa null modem. Sindano ya 2 ya huku inakwenda kwa 3 ya kule, 3 inakwenda kwa 2, na 5 kwa 5. Yaani mdomo wa huyu kwenye sikio la yule. Nyaya tatu tu zinatosha, mimi niliuchomelea mwenyewe kwa soda ya fundi redio wa jirani. Laptop za siku hizi hazina tundu hilo, kwa hiyo unanunua adapta ya USB.

Onyo hapa, na nalitoa kwa uchungu: usichukue adapta hiyo ukaichomeka moja kwa moja kwenye sindano za ndani ya ruta ndogo au vile vibodi vya kujifunzia. RS-232 inaweza kutoa volti mpaka 15, vile vidude vinataka 3.3 au 5. Mimi niliunguza kimoja, kilinuka mpaka nikafungua madirisha.

Upande wa seva, angalia kama Linux inaliona tundu:

dmesg | grep ttyS

Ukiona ttyS0, hiyo ndiyo ya kwanza, ile ambayo watu wa Windows wanaiita COM1. Sasa kuona tundu siyo kuruhusiwa kuingia. Lazima kuwe na programu inayokaa pale mlangoni ikisubiri mtu, imuulize jina, imkabidhi kwa anayeuliza paswedi. Programu hiyo inaitwa getty. Bila getty unaweza kuchomeka waya ukakaa mpaka kesho, hupati hata nukta.

Zamani kazi hii ilikuwa mstari mmoja ndani ya faili la /etc/inittab. Wale mliotumia Debian za miaka ya 2000, au zile CD za Ubuntu zilizokuwa zinatumwa bure kwa posta mpaka mwaka 2011, kuna mliouona mstari huu:

T0:23:respawn:/sbin/getty -L ttyS0 9600 vt100

Lile neno respawn maana yake akifa mfufue. Siku hizi inittab haipo kwenye mifumo mingi. Kuanzia CentOS 7 mwaka 2014, halafu Debian 8 na Ubuntu 15.04 mwaka 2015, anayesimamia huduma zote ni systemd. Kuna wanaoichukia kama sumu. Mimi sina ugomvi nayo, niliikuta.

Systemd inakuja na kitu kinaitwa serial-getty@.service. Hiyo alama ya @ ndiyo ya kuelewa. Faili lile ni kama kibao cha kufyatulia tofali: kibao ni kimoja, tofali ni nyingi. Unachoandika baada ya @ ndilo tofali lako. Kwa hiyo:

systemctl enable --now serial-getty@ttyS0.service

Umekwisha. Nenda kwenye laptop, chomeka adapta. Kama ni Linux andika screen /dev/ttyUSB0 115200, na ikikataa kwa ruhusa jiweke kwenye kundi la dialout. Kama ni Windows tumia PuTTY, chagua Serial, namba ya COM utaiona kwenye Device Manager, na Flow control weka None. Bonyeza Enter mara moja au mbili. Nilipoona neno login: limetokea kwenye skrini kupitia waya niliouchomelea mwenyewe, nilipiga kelele mpaka wateja wakageuka.

Lakini kwangu herufi zilikuja zimevurugika, alama za ajabu ajabu. Hiyo karibu kila mara ni kasi: pande mbili haziongei kwa mwendo mmoja, au waya ni mrefu na mbovu. Wangu unapita ukutani kama mita kumi, nikaamua kushuka mpaka 9600. Hapo ndipo inabidi huduma ibadilishwe. Usiende kuhariri faili la asili ndani ya /lib, siku ukisasisha mfumo litafutwa na kazi yako yote. Fanya hivi:

systemctl edit serial-getty@ttyS0.service

Itafunguka karatasi ya nyongeza, andika:

[Service]
ExecStart=
ExecStart=-/sbin/agetty -L %I 9600 vt102

Huo mstari wa ExecStart= mtupu siyo kosa la uchapaji. Nilidhani hivyo, nikauondoa, huduma ikagoma kuwaka. Huduma ya aina hii inaruhusiwa amri moja tu ya kuanzia, kwa hiyo mstari mtupu unafuta ile ya zamani, wa pili unaweka yako. Alama ya kistari kabla ya njia inaambia systemd isihesabu kama ni balaa programu ikimaliza vibaya. %I ni jina la tofali, yaani ttyS0. Kisha systemctl restart kwa jina lile lile, na kwenye laptop nako ushuke 9600.

Imebaki sehemu ambayo wengi wanaisahau. Getty inaamka seva ikishawaka. Ikikwama njiani, kwa mfano diski imeumia baada ya umeme kukatika, huoni kitu. Kwa hiyo fungua /etc/default/grub uweke:

GRUB_CMDLINE_LINUX="console=tty0 console=ttyS0,9600n8"
GRUB_TERMINAL="console serial"
GRUB_SERIAL_COMMAND="serial --speed=9600 --unit=0 --word=8 --parity=no --stop=1"

Halafu update-grub kwa wa Debian na Ubuntu. Sasa hata menyu ya kuwashia unaiona kwenye waya. Console iliyoandikwa mwisho ndiyo inapewa ujumbe mkuu wa kuwaka. Na systemd ikiona ttyS0 pale, inawasha getty yake yenyewe hata kama hukuandika enable. Kasi iwe moja kila mahali, la sivyo menyu itasomeka halafu ghafla makorokoro.

Kuna maelezo huko mtandaoni yanakufundisha kuweka --autologin root ili usisumbuke na paswedi. Kwenye kafe? Mtu anachomeka waya wakati wewe umeenda kununua mihogo, anaondoka na vyeti vya watoto wa watu. Acha paswedi iulizwe. Na waya wenyewe usiuache unaning'inia, sisi tundu tumelifungia ndani ya kaunta na funguo anayo mama.

Mwezi uliofuata radi ilipiga, kadi ya mtandao ikafa. Nikaweka nyingine tundu la pembeni yake, seva ikawaka lakini mtandao hakuna, kwa sababu jina lilibadilika kutoka enp2s0 kuwa enp3s0 na faili la mipangilio bado linataja la zamani. SSH haiwezekani, monita haipo. Nikafungua kaunta, nikachomeka waya, nikabadilisha jina, nikawasha mtandao upya. Mteja aliyekuwa na dakika zake kumi na tano hakuomba hata arudishiwe hela.

Mwenye seva isiyo na tundu hilo la sindano tisa aniulize hapo chini, kuna njia ya adapta pande zote mbili, ila menyu ya kuwashia hutaiona kirahisi.