Namba Zilizoandikwa Kwenye Boksi la Monita

Inchi 27. Hezi 165. Milisekunde 1. Niti 400. HDR400. Kontrasti milioni moja kwa moja. Boksi la monita siku hizi limejaa namba, na pembeni yake kuna boksi lingine lenye karibu namba zilezile kwa nusu ya bei. Muuzaji ukimuuliza tofauti, mara nyingi atakusomea yaleyale uliyokwisha kuyaona. Mtu aliyejibana kwa miezi ili anunue kifaa cha kazi hastahili kuachwa akibahatisha. Na hana haja ya kubahatisha, kwa sababu namba hizo hazina uzito sawa: baadhi zimehesabiwa, nyingine zimepimwa, na aliyezipima ndiye aliyejichagulia namna ya kuzipima.

Zilizohesabiwa ni za kuaminika. Ukubwa wa monita ni inchi kutoka pembe moja hadi pembe inayoikabili. Pikseli, vile vidoa vinavyounda picha, huhesabiwa kwa upana na kwa kimo. Full HD ni 1920 kwa 1080, yaani pikseli 2,073,600. Ya 2560 kwa 1440 ina pikseli 3,686,400, na 4K, ambayo ni 3840 kwa 2160, ina 8,294,400. Hapo hapana ujanja. Tatizo huanza mnunuzi anapotazama inchi bila pikseli. Zile pikseli milioni mbili za Full HD zikitandazwa kwenye inchi 24, kila moja huwa na upana wa milimita 0.28 hivi. Zitandaze kwenye inchi 27 na kila moja inanenepa hadi milimita 0.31. Umelipia skrini kubwa zaidi, lakini jedwali lako halijapata hata safu moja ya ziada, na herufi zimeanza kuonyesha meno.

Je, pikseli ndogo kiasi gani zinatosha? Jibu limo jichoni mwako. Jicho linaloona vizuri, lenyewe au kwa miwani, hutenganisha vidoa viwili vilivyoachana kwa takriban sehemu moja ya sitini ya digrii. Ukikaa sentimita 60 kutoka kwenye skrini, pembe hiyo ni sawa na milimita 0.17. Pikseli inayozidi hapo unaweza kuibaini, hasa kwenye kingo za herufi. Iliyo ndogo zaidi humezwa na jirani zake. Inchi 27 yenye 1440 ina pikseli za milimita 0.23. Inchi 27 ya 4K ina za milimita 0.16, na hapo jicho limefikishwa mwisho wa uwezo wake. Ukisogea nyuma hadi sentimita 90, mpaka huo unahamia milimita 0.26, na ile ya 1440 inatosha kabisa. Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani, chukua futi ya fundi upime umbali kati ya macho yako na mahali skrini itakapokaa. Kwa mhariri, mhasibu au mwandishi wa programu, anayesoma maandishi kutwa nzima, ningeweka fedha hapa kabla ya jambo lingine lolote. Mwenye bajeti ndogo achukue inchi 24 ya Full HD. Ya inchi 27 yenye Full HD ningeiacha dukani.

Sasa zile zilizopimwa. Kuzielewa kunataka tuingie kidogo ndani ya kioo chenyewe.

Mwaka 1888 mtaalamu wa mimea Friedrich Reinitzer, akifanya kazi Prague, alikuta dutu inayoyeyuka mara mbili. Kwenye nyuzi 145.5 za Selsiasi iligeuka kimiminika chenye ukungu, na kwenye nyuzi 178.5 kimiminika hicho kikawa angavu. Katika ile hali ya ukungu molekuli hutiririka, lakini bado zimepangika kwa mwelekeo mmoja. Hizo ndizo fuwele kimiminika. Mwaka 1970 Martin Schadt na Wolfgang Helfrich, wakiwa Basel nchini Uswisi, waliomba hataza ya kuzipanga zikiwa zimesokotwa kati ya vichujio viwili vya mwanga. Bila umeme, msokoto huupitisha mwanga. Ukitia umeme msokoto unafunguka na mwanga unazuiwa. Monita nyingi za leo zinafuata kanuni hiyo bado: taa inawaka nyuma muda wote, na kila pikseli ni kilango kinachoipunguza.

Kilango hakizibi kabisa, na tofauti nyingi za bei zimetoka hapo. Katika vioo vya IPS molekuli huzunguka sambamba na kioo, hivyo rangi hazigeuki sana ukitazama kutoka ubavuni, ila mwanga kidogo huvuja na kontrasti, yaani mara ngapi weupe huuzidi weusi, hukaa karibu 1000 kwa 1. Katika vioo vya VA molekuli husimama wima na kuziba vizuri zaidi, karibu 3000 kwa 1, lakini nyingi hukawia kubadilika kwenye rangi za giza na kuacha vivuli nyuma ya kitu kinachokimbia. OLED haina taa ya nyuma. Kila pikseli hujiwakia yenyewe, na nyeusi ni pikseli iliyozimwa. Ni nzuri mno kwa filamu. Kwa anayeacha upau uleule wa programu mahali palepale mwaka mzima, alama yake inaweza kuganda kwenye kioo.

Ile milioni moja basi, kwenye monita yenye taa ya nyuma, imetoka wapi? Weupe hupimwa taa ikiwa imewashwa hadi mwisho, kisha weusi hupimwa taa ikiwa imefifishwa au kuzimwa. Hali hizo mbili haziwezi kuwapo pamoja kwenye picha moja. Namba hiyo ipuuze.

Hata ile 3000 ya kweli inategemea chumba chako. Chukua weupe wa niti 300, niti ikiwa kipimo cha mwangaza. Kioo cha VA kitakuwa na weusi wa niti 0.1 na cha IPS niti 0.3. Fungua dirisha, na tuseme mwanga wa mchana unaakisi niti 2 juu ya kioo. Kontrasti ya VA inaporomoka hadi kama 144 kwa 1, na ya IPS hadi kama 131 kwa 1. Tofauti uliyoilipia imebebwa na dirisha. Anayefanya kazi mchana kwenye chumba chenye jua atafute mwangaza mkubwa na kioo kisichong'aa, na akigeuze kisikabili dirisha. VA na OLED zitamfaa anayetazama filamu usiku.

HDR400 nayo isikubabaishe. HDR ni picha yenye tofauti pana ya mwanga na giza, na hili ni daraja la chini kati ya madaraja yake ambayo shirika la VESA lilianza kuyatoa mwaka 2017. Linadai mwangaza ufike niti 400, lakini halidai taa ya nyuma igawanywe katika maeneo yanayojizima yenyewe, na bila mgawanyo huo mwezi uking'aa kwenye filamu, anga yote inayouzunguka inageuka kijivu.

Hezi ni mara ambazo picha hubadilishwa kwa sekunde. Kwa 60, kila picha hukaa milisekunde 16.7; kwa 144, 6.9; kwa 240, 4.2. Hatua ya kwanza inaokoa karibu milisekunde kumi na jicho huiona hata unapotembeza ukurasa. Inayofuata inaokoa chini ya tatu, na hiyo ni ya wanaoshindana kwenye gemu. Isitoshe, pikseli zenyewe lazima ziwahi. "Milisekunde 1" ya kwenye boksi mara nyingi ni muda bora kuliko yote wa kutoka kijivu kimoja hadi kingine, na umepatikana kwa mpangilio mkali unaoacha michirizi myeupe. Mabadiliko mengine yanaweza kuchukua zaidi ya kumi. Kwenye monita ya hezi 165 picha mpya huja kila milisekunde sita, kwa hiyo inaikuta ya zamani haijamaliza kuondoka.

Angalia pia tundu la kompyuta uliyo nayo. HDMI 1.4, inayopatikana kwenye kompyuta mpakato nyingi za zamani, hupeleka 4K kwa hezi 30 tu, na kishale cha kipanya kitakwenda kwa kurukaruka. USB-C si zote zinazopitisha picha.

Monita za mtumba zilizotoka maofisini Ulaya, zinazouzwa Nairobi na Dar es Salaam, nazipendekeza bila kusita: nyingi ni IPS, na stendi zake hupanda, hushuka na kuzunguka. Omba iwashwe. Weka picha nyeusi tupu, uikinge na mwanga kwa mkono na kutazama kama kingo zinavujisha mwanga, kisha weka nyeupe utafute pikseli zilizokufa. Halafu punguza mwangaza hadi nusu na uitazame kupitia kamera ya simu. Ukiona mistari mizito myeusi ikitambaa, taa inazimwa na kuwashwa kwa kasi ili ionekane imefifia, jambo linalowaumiza kichwa baadhi ya watu. Mwambie muuzaji akuunganishie nyingine.